Mvua Itarudi Kama Zamani? Soma Hii Kabla Hujapanda Mchikichi kwa Mkopo



Msimu huu swali ninaloulizwa sana hapa Simbo halihusu mbolea wala bei ya mawese. Ni hili: "Afisa, haya mambo ya mvua si ni mzunguko tu? Zamani ukame ulikuwepo na mvua zikarudi. Si nipande tu heka zangu zote, mbele ya safari mambo yatakaa sawa?"

Swali ni zuri, na lina hela ndani yake. Ukikosea kwenye mahindi umepoteza msimu mmoja. Mchikichi ni habari nyingine. Mche wa tenera unaanza kukupa kitu kuanzia mwaka wa tatu hivi, halafu unavuna kwa miaka 25 au zaidi. Maana yake ukipanda leo, unapandia hali ya hewa ya miaka 25 ijayo. Na kama umechukua mkopo, aliyekukopesha hatakubali jibu la "nangoja mzunguko urudi".

Kwa hiyo leo tusikilize vitu viwili vinavyokumbuka mvua na joto la zamani kuliko babu yeyote: barafu, na tope la chini ya Ziwa Tanganyika. Mwishoni nitasema mimi nakushauri nini shambani.

Wanajuaje mambo ya miaka elfu iliyopita?

Vipima mvua na vipimajoto hapa kwetu havina hata miaka 150. Huo ni muda mfupi sana kujua kama jambo ni mzunguko au ni kitu kipya. Ndiyo maana wanasayansi wanatafuta mahali ambapo dunia yenyewe imeweka kumbukumbu.

Mahali pa kwanza ni kwenye ncha za dunia, Greenland kule kaskazini na Antaktika kule kusini. Huko theluji inaanguka kila mwaka na haiyeyuki. Ya mwaka huu inalala juu ya ya mwaka jana, ya mwaka jana juu ya ya mwaka juzi, na uzito wa juu unazikandamiza za chini mpaka zinakuwa barafu ngumu. Ni kama magunia yaliyopangwa ghalani: la chini kabisa ndilo lililoingia kwanza.

Wanachofanya ni kuingiza bomba lenye meno, linazunguka na kukata, kisha wanatoa nguzo ndefu ya barafu kipande kwa kipande. Ndani ya nguzo hiyo kuna mambo matatu ya kusoma.

La kwanza ni maji yenyewe. Maji yana chembe nyepesi na chembe nzito kidogo. Dunia ikiwa na baridi, zile nzito zinadondoka njiani kabla mawingu hayajafika kwenye ncha. Wakipima uwiano wa nzito na nyepesi kwenye tabaka, wanajua joto la wakati ule.

La pili ni vumbi na majivu. Vumbi jingi linaonyesha nchi zilikuwa kavu na upepo ulikuwa mkali. Majivu ya volkano yanasaidia kujua tarehe, maana mlipuko mkubwa kama ule wa Tambora wa mwaka 1815 kule Indonesia uliacha alama kwenye barafu za pande zote mbili za dunia.

La tatu, na kwangu ndilo la ajabu zaidi, ni mapovu ya hewa. Theluji inapokandamizwa inafungia hewa ndani. Ukikata barafu ya miaka laki moja, unapata hewa ya miaka laki moja, yaani hewa yenyewe kabisa iliyokuwepo siku zile. Unaweza kuipima ina hewa ukaa kiasi gani.

Nguzo iliyotolewa sehemu inayoitwa Dome C huko Antaktika imefika miaka 800,000 nyuma. Januari 2025 timu ya Ulaya ilitangaza kwamba imechimba mita 2,800 karibu na hapo na kufikia barafu ya zaidi ya miaka milioni 1.2.

Basi mzunguko upo?

Upo, na hapo anayeuliza hajakosea. Barafu za Antaktika zinaonyesha dunia ikiingia kwenye baridi kali na kutoka, mara nyingi, kwa mapigo ya karibu miaka 100,000. Sababu ni jinsi dunia inavyolizunguka jua. Umbo la njia yake linabadilika polepole kwa mzunguko wa miaka kama 100,000, mlalo wake kwa miaka kama 41,000, na kuyumba kwake, kama pia inayokaribia kusimama, kwa miaka kama 23,000.

Huo wa miaka 23,000 unatuhusu sana sisi wa ukanda wa tropiki, kwa sababu unabadilisha nguvu ya jua la majira fulani, na jua ndilo linaloita mvua. Kati ya miaka 11,000 na 5,000 hivi iliyopita, sehemu kubwa ya Afrika ilikuwa na mvua nyingi kuliko sasa. Hata Sahara ilikuwa na majani, mito na maziwa. Kisha mvua zikapungua. Hakuna binadamu aliyesababisha hilo.

Lakini sasa angalia mwendo wake. Mizunguko hiyo inahesabiwa kwa maelfu ya miaka. Anayesema "ni mzunguko, itarudi" akiwa anafikiria msimu ujao au miaka mitano ijayo amechanganya saa na kalenda. Mzunguko wa jua na dunia hauji kuokoa mkopo wa mtu.

Barafu yetu wenyewe: Kilimanjaro

Barafu haiko kwenye ncha tu. Mwaka 2000 mtafiti Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, na timu yake walipanda Kibo na kutoa nguzo sita za barafu. Iliyo ndefu zaidi ilikuwa na mita karibu 51. Majibu waliyachapisha mwaka 2002.

Waligundua kwamba barafu ya chini kabisa ina umri wa miaka kama 11,700. Yaani ilianza kujikusanya wakati ule ule mvua zilipokuwa zinaongezeka Afrika. Halafu ndani yake kuna alama za vipindi vitatu vibaya: miaka kama 8,300 iliyopita, 5,200 iliyopita, na 4,000 iliyopita. Hicho cha miaka 4,000 kimeacha tabaka la vumbi la unene wa milimita 30 hivi, na watafiti wanakihesabu kuwa ukame wa takribani miaka 300.

Miaka 300, ndugu yangu. Hicho ni kizazi juu ya kizazi, mpaka watu wanasahau kwamba mvua nzuri iliwahi kuwepo. Na huo ulikuwa ukame wa asili. Kwa hiyo neno "asili" lisikutulize. Mzunguko wa asili unaweza kukumaliza vilevile.

Kazi hiyo pia ilionyesha kuwa barafu ya Kibo ilipungua kwa asilimia kama 80 kati ya mwaka 1912 na 2000. Thompson alikadiria kwamba hali ikiendelea hivyo ingeisha kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na bado ipo kidogo, ingawa inazidi kupungua. Hapa jifunze kutenganisha mambo mawili: alichokisoma kwenye barafu ni kipimo, na tarehe ya kuisha ni makadirio. Ukisikia mtu anakutajia mwaka kamili ambao mvua zitakwisha au zitarudi, muulize kwanza anasoma kipimo au anakadiria.

Kuna jambo jingine la kulielewa vizuri. Wataalamu wengine wanaonyesha kwamba barafu ya Kibo ilianza kupungua mwishoni mwa karne ya 19, miaka ya 1880 hivi, kwa sababu hewa ya Afrika Mashariki ilikauka na theluji ikawa haba. Wakati huo viwanda na magari duniani vilikuwa bado vichache. Ndiyo maana mlima peke yake hautoshi kumaliza ubishi. Tushuke ziwani kwetu.

Ziwa Tanganyika nalo lina kumbukumbu

Ziwa letu lina kina cha mita 1,470 mahali pake pa chini kabisa, na kule chini hakuna oksijeni. Kwa hiyo hakuna minyoo wala konokono wa kuchimbachimba tope. Linachoshuka kinalala hapo hapo, tabaka juu ya tabaka, sawa na theluji ya Antaktika. Watafiti wanashusha bomba, wanatoa nguzo ya tope, wanasoma.

Sehemu ya kazi hiyo imefanyika hapa hapa Kigoma kupitia Nyanza Project, mradi ulioongozwa na Andrew Cohen wa Chuo Kikuu cha Arizona na kufundisha wanafunzi wa Afrika na Marekani. Tope lililokusanywa lilipelekwa maabara. Humo mna mabaki ya mafuta ya vijidudu walioishi ziwani, na mafuta hayo hubadilika kulingana na joto la maji. Ni sawa na mawese: ukiona yameganda au yamelainika unajua kama asubuhi ilikuwa na baridi au joto.

Mwaka 2010 Jessica Tierney na wenzake walichapisha majibu ya miaka 1,500. Joto la maji ya juu lilipanda na kushuka lenyewe katika karne hizo, ndiyo mzunguko tunaousema. Lakini lilipofika karne ya 20 lilipanda likapita kiwango chochote cha miaka 1,500 yote. Likatoka nje ya mchezo wake wa kawaida.

Na hili si la wasomi tu, mvuvi wa Kibirizi analijua kwa njia yake. Maji ya juu yakipata joto yanakuwa mepesi, yanakaa juu kama mafuta juu ya mchuzi, na hayachanganyiki vizuri na maji ya chini yenye rutuba. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba chakula cha msingi cha ziwa kimepungua kwa asilimia kama 20, na kwamba hilo linaweza kupunguza samaki kwa asilimia kama 30. Uvuvi uliozidi nao una sehemu yake kwenye uhaba wa dagaa na migebuka. Lakini joto lipo, limepimwa.

Ziwa kupanda na kushuka je?

Hapa tena mzunguko wa asili unaonekana wazi. Wazee wa Ujiji wanajua kwamba mahali pa kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, waliokutana mwaka 1871, leo pako mbali na maji. Wakati ule ziwa lilikuwa juu zaidi. Mwaka 1878 hivi maji yalifumua mlango wa mto Lukuga upande wa Kongo, yakamwagika, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kama mita 10. Mlango kulika ni sababu moja, mvua kupungua ni nyingine. Na ni kipindi kile kile barafu ya Kibo ilipoanza kunyauka. Umeona? Mlima na ziwa, kilomita mia kadhaa mbali, vinasema neno moja.

Kisha mvua kubwa za 1961 zikalipandisha tena. Na kuanzia 2020 limepanda hadi nyumba za Gatumba kule Burundi zikaingia maji, na huku kwetu fukwe nyingi zikazama. Miaka kama 1961, 1997 na 2019 Bahari ya Hindi upande wa Afrika ilipata joto kuliko upande wa Indonesia, na hali hiyo huvuta mvua nyingi kuja kwetu. Huo ni mzunguko mfupi, wa miaka michache michache, na ndio unaouona wewe shambani.

Kipya ni nini sasa?

Turudi kwenye mapovu ya Antaktika, maana jibu la ubishi liko humo. Kwa miaka 800,000 hewa ukaa ilikuwa inapanda na kushuka kati ya sehemu kama 180 na 300 katika kila sehemu milioni za hewa. Haikuwahi kuvuka 300. Kutoka kipindi cha mwisho cha baridi kali mpaka hali tuliyoizoea, ilipanda kutoka karibu 190 hadi karibu 270, na ilichukua maelfu ya miaka. Leo imepita 420. Kutoka 280 mpaka hapo imechukua karne mbili na kidogo tu, na chanzo kinajulikana: makaa ya mawe, mafuta, gesi na ukataji wa misitu.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lile ni hili. Mzunguko upo na utaendelea: miaka ya mvua nyingi itakuja, miaka ya ukame itakuja. Lakini sasa mzunguko unazunguka juu ya sakafu inayopanda. Mvua inaweza kurudi kama zamani, joto halirudi katika miaka ya mkopo wako. Na joto likizidi, mvua ile ile ya milimita 1,000 haitoshi kama ilivyotosha kwa baba yako, kwa sababu udongo na majani vinapoteza maji haraka.

Mchikichi wenyewe unasemaje?

Mchikichi unapenda mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na kiangazi kisichozidi miezi mitatu. Kigoma tunapata karibu nusu yake, na Juni hadi Septemba karibu hakuna kitu. Maana yake sisi tayari tuko ukingoni. Ndiyo sababu wazee waliipanda mabondeni, hawakuwa wajinga.

Halafu kuna jambo ambalo vijana wengi hawaambiwi: mchikichi nao unakumbuka ukame. Ukipata kiu, unatoa maua dume mengi na maua jike machache. Kutoka hapo hadi mkungu wa kuvunwa ni kama miaka miwili. Ukame wa mwaka huu utauona kwenye mfuko wako mwaka keshokutwa, pengine wakati mvua ni nzuri na wewe umeshasahau. Utaanza kulaumu mbegu.

Nakushauri hivi

1. Anza na bonde au eneo linalotunza unyevu, kisha upande polepole kuelekea mwinukoni. Usijaze ekari zote mwaka mmoja. Kwa nafasi ya mita 9 kwa pembetatu, ekari moja inachukua miche 57 hivi.

2. Nunua miche ya tenera iliyothibitishwa, ulizia TARI Kihinga. Panda mvua zikishakolea, usipande kwenye mvua ya kwanza ya kudanganya.

3. Tandaza makuti na nyasi kuzunguka shina, usiyachome. Makuti yanayochomwa ni maji unayoyachoma.

4. Miaka mitatu ya kwanza changanya na maharage, karanga au mahindi katikati ya mistari. Chakula unapata, udongo unafunikwa, na marejesho ya mkopo yanapata pa kuanzia.

5. Kama uko bonde la Luiche au karibu na ziwa, kumbuka ziwa lina tabia ya kupanda. Sheria inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji, na historia ya ziwa inakuonyesha sababu yake.

6. Kwenye hesabu ya mkopo weka mwaka mbaya, na uweke pengo la mavuno miaka miwili baada ya huo mwaka mbaya. Kama hesabu inavunjika hapo, punguza ekari kabla ya kusaini, usisubiri baada ya kusaini.

7. Nunua kipima mvua, au tengeneza, andika kila siku ya mvua kwenye daftari. Fuatilia utabiri wa msimu wa TMA. Ndani ya miaka kumi utakuwa na kumbukumbu ya shamba lako mwenyewe, na hutahitaji kubishana na mtu kijiweni.

Niwe mkweli, sisemi usipande mchikichi. Bei ya mafuta ya kula nchini tunaijua, na ardhi yetu inaukubali mti huu. Ninachosema ni panda kwa idadi ambayo mwaka mbaya ukija hautakuuzisha shamba.

Wenye mashamba Simbo, Kandaga na kata za jirani, mkiwa mnapanga ekari zenu kabla ya mvua, nitafuteni tupite shambani pamoja tuangalie unyevu ulivyo mwezi Septemba. Huo ndio mwezi wa kupima shamba la michikichi. Mwezi wa Machi kila shamba ni zuri.